Majembe Yalipolala

Mjukuu wangu amerudi kutoka kanisani na kidole chake cha kupigia kura kimepakwa mafuta ya maombi. "Babu, lete na chako," ananiambia. Mafuta yenyewe yananuka nyonyo. Mimi shule iliniishia darasa la pili, na nyumba hii ya Nkuhungu, hapa mjini, nimeijenga kwa mikono yangu. Lakini harufu hiyo imenirudisha Haneti, kijijini kwetu, nikiwa mtoto.

Wagombea ubunge walikuwa wawili. Mmoja alama yake nyumba, mwingine jembe, na wa jembe alikuwa mjomba wangu, aliyetulisha mwaka wa njaa. Mwinjilisti akatuambia kanisani: "Mungu ana nyumba. Jembe ni laana ya Adamu. Aliyeokoka asilishike mpaka tupige kura."

Mvua ikawahi. Udongo ukalainika na hakuna aliyelima. Watu walisimama milangoni wakitazama mashamba, kijiji kizima kimya. Mama alilipaka jembe letu nyonyo lisishike kutu, akalifunika kaniki kama maiti.

Mjomba akaja. "Dada, hata wewe?"

"Roho amesema nyumba, kaka."

"Basi mtakula nyumba," akacheka, akaondoka.

Akashindwa. Jioni ya matokeo watu walikuwa kanisani wakiimba, nami nikasikia jembe moja likilima. Alikuwa mjomba, peke yake, katika shamba letu. Giza likaingia na jembe halikunyamaza. Mama alisimama mlangoni akisikiliza, mikono yake inanuka nyonyo. Hakumwita, wala hakufunga mlango.