Githeri Laini ya Guka

Tulikuwa watu wazima wanne katika chumba cha kupimia presha, kliniki moja ya Nyeri: muuguzi, guka mmoja, babu kutoka Giakanja, cucu mkewe, na mimi nikingoja zamu na mwanangu mgongoni.

Presha ya guka ilikataa kushuka ingawa alimeza dawa zake zote, na muuguzi alihofia kiharusi.

"Guka, chumvi uliacha?"

"Kabisa! Siku hizi hata supu hainijui."

"Pakiti yote nilipatia jirani," mkewe akaongeza.

"Na githeri, cucu, unapika aje?"

Cucu akatabasamu kwa fahari. "Natia magadi mingi ndio ilainike. Huyu hana meno, ati nimwache na njaa?"

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Cucu, magadi na chumvi ni ndugu. Zote zinapandisha presha."

Cucu akafunika uso kwa leso. "Kumbe ni mimi namuua!"

Guka akaishusha leso ile polepole kwa kidole kimoja. "Unaniua na vile umeninenepesha?"

Tukacheka sote. Muuguzi akamwambia cucu aloweke mahindi na maharagwe ya githeri usiku kucha badala ya kutia magadi. Na kwa kuwa figo za guka zilikuwa nzima, amwongezee ndizi, viazi na mboga, vyakula vinavyosaidia mwili kuitoa chumvi.

Nami ninayo magadi jikoni, ilhali kwangu watu wazima wote wana meno.

Nilipokutana nao tena kliniki, presha ilikuwa imeshuka. Githeri sasa anaiponda guka mwenyewe.