Hodi Kwenye Ndege ya Mabomu

Jamani, mkitaka kunicheka nichekeni, maana hata mimi nikikumbuka hujifunika shuka usoni: nilimfungia baba mkwe wangu ndani ya ndege ya mabomu, siku ileile aliyokuwa anipe jibu la posa.

(Baba mkwe mtarajiwa, tuseme ukweli.) Mzee Bakari, baba yake Mwanaidi, alikuja kutoka Tanga kumtembelea binti yake huku ughaibuni, Hounslow, na mimi, mbeba maboksi wa ghala moja huko Hayes, nikasema leo atajua kwamba binti yake kapata mtu wa maana. Mzee anapenda ndege kupita kiasi, basi nikampeleka kwenye makumbusho ya ndege za zamani, jumba kubwa la bati, mvua inapiga juu na watu wachache.

Kona ya mwisho, penye giza, ilikuwepo ndege moja ndefu nyeusi. Maelezo yalisema iliundwa kubeba mabomu, kisha serikali ikaigeuza iwe ya abiria, ipeleke wakubwa mbali, mpaka kwetu Afrika Mashariki. Pale mabomu yalipokuwa yakining'inia wakaweka viti vya mahameli. Mlango wa kwenda kwa rubani haupo. Ukishapanda ngazi ya mkiani umekaa humo, humwoni anayekuendesha. Pembeni palikuwa na picha: wazungu wamesimama, majina yao chini, na nyuma yao mhudumu Mwafrika, kanzu nyeupe, mkanda mwekundu, sinia mkononi. Jina lake halikuandikwa. Mzee aliitazama sana.

"Mwenzetu huyu," akasema, basi.

Palikuwa na kamba, na kibao kinachokataza watu kupanda. Ujinga wangu ulianzia hapo: mlinzi alipogeuka nikainua kamba. "Pita, baba, hapa wananijua." (Hakuna aliyenijua.) Mzee akaona zulia mle ndani, akavua viatu, akapanda. Mimi nikaenda kumzubaisha mlinzi kwa maswali ya injini ambayo hata sikuyaelewa mwenyewe, na alipoondoka nikamfuata mzee.

Nilipofika juu ya ngazi mdomo ukajisemea wenyewe, kama tulivyolelewa.

"Hodi!"

"Karibu," nikaitikiwa.

Nikaingia. Baridi tupu. Viti havina mtu, taa ndogondogo, na juu ya taa vile vyuma vya kuning'inizia mabomu bado vipo. "Baba?" Nikasogea mpaka zulia linapoishia, kwenye ule ukuta usio na mlango, nikarudia, "Hodi?"

"Karibu, bwana. Kaa."

Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta, taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyebeba kitu asichotaka kimwagike.

Wallahi ngazi siikumbuki. Nakumbuka nimeubamiza mlango nyuma yangu, nimefika chini, nimekumbatia gurudumu la ndege na kupiga kelele "Kuna mtu! Kuna mtu!" kwa Kiswahili, mbele ya familia nzima ya watalii wenye simu zao mkononi. Ndipo nikaviona viatu vya mzee, vimepangwa vizuri chini ya ngazi.

Mlango ukagoma. Mlinzi akaita fundi, fundi akaita fundi mwenzake, na muda wote huo mzee anagonga kutoka ndani, polepole. Nikamuuliza mlinzi nani yuko kule mbele. Akaniambia mbele kumefungwa miaka mingi, hata sakafu iling'olewa, hakuna pa kusimama. Mzee alipofunguliwa akashuka, kofia imekaa sawa, akavaa viatu, akanipita.

Garini mzee akageukia dirishani. Nikajua posa imekwisha. Tulipokaribia kwa Mwanaidi nikajikaza.

"Nisamehe, baba. Uliponiitikia kule mbele, na sikuoni, niliogopa."

"Mimi? Mimi nilikuwa kwenye kijichoo cha nyuma, haja imenibana. Tangu lini mtu akaitikia hodi akiwa chooni?"

(Na kweli, kwetu chooni hata salamu mtu haitikii.) Nikasimamisha gari kando ya barabara. Mzee alivua miwani, akaifuta.

"Kwa hiyo na wewe umemsikia," akasema. "Nami nilipopanda nilipiga hodi. Akanikaribisha vizuri sana, nikadhani wameajiri mtu wa kwetu humo." Akavaa miwani. "Mwanaidi asiambiwe. Na siku nyingine, mkwe wangu, ukikimbia, ukimbie na mimi."

Mkwe wangu! Alisema hivyo hivyo, mnisikie.

Tumeoana, hatujambo. Ila hodi siku hizi sipigi mahali nisipomjua mwenye nyumba, na kamba ya watu siinui tena. Ile picha tu ndiyo hunirudia, na aibu yangu ya kweli iko hapo: mwenzetu yule alinikaribisha kiungwana, akanipa na kiti, na mimi nikambamizia mlango.