Shimo la Mlimani

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, Mjerumani akiwa bado anatawala, mimi na mume wangu tulishuka kutoka Mahenge tukahamia Ifakara. Mume wangu akajenga bafu la matete nyuma ya nyumba, akachimba shimo refu la kumeza maji, kama tulivyozoea kule mlimani. Nilimwambia huku bondeni ardhi imeshiba maji. Akanijibu kuwa shimo ni shimo.

Masika ilipofika, shimo likaanza kutoa maji badala ya kuyameza. Nilioga nimesimama kwenye matope, nikatoka mchafu kuliko nilivyoingia.

Kesho yake nililifukia mwenyewe. Nikainua sakafu kwa udongo wa kichuguu, nikaushindilia, nikauinamisha kuelekea migombani. Mume wangu alinipita mara tatu.

Majirani tuliohama nao walikuwa wamechimba mashimo yaleyale. Walipokuja kumtafuta fundi wa bafu letu, mume wangu alikohoa, akajiweka sawa. Mimi nilikuwa bado na udongo hadi viwikoni. Wakamwamkia yeye kwa heshima zote, kisha wakaniuliza mimi nitaanza kwa nani.