Siku Kijiji Kilipomwamini Kaka na Bunduki

Kutoka Tunduma hadi Bunda nilitumia siku tatu. Nililala Iringa, nikalala tena Shinyanga kwa jamaa niliyewahi kuchimba naye dhahabu, na nilipoyaona maji ya ziwa pale Lamadi nikajikuta natabasamu peke yangu dirishani. Bunda nikapanda bodaboda, vumbi mpaka kijijini kwetu Butiama.

Kaka alikuwa amenipigia simu mara moja tu. "Mura," akaniita, kama kwetu tunavyomwita kijana wa kiume, "njoo. Jumatano mkutano wa kijiji unanijadili."

Ujanani alikuwa na gobore lisilo na kibali. Siku moja ng'ombe wa jirani waliingia kwenye pamba yetu, kaka na jirani wakagombana, kaka akampiga risasi ya paja. Alifungwa miaka saba Musoma. Baba alipofariki, bunduki yake halali ilichukuliwa na polisi ikahifadhiwe mpaka apatikane mrithi. Dada zetu hawakuitaka. Mimi ni mtu wa kuzunguka, sina anwani. Kaka ana kifungo. Wezi wa mifugo walishaingia zizini kwetu mara tatu, na mara ya mwisho waliondoka na maksai wa kulimia. Kaka aliwafuata na fimbo.

Mwaka ule alionipigia simu, kaka aliambiwa kwamba muda wa kuzuiwa kwa ajili ya kifungo kile umekwisha. Anaweza kuomba kibali cha bunduki ya baba, ila kijiji kimtolee neno kwanza.

Alikuwa amejiandaa. Fundi wa kuchomelea pale Bunda alimtengenezea sanduku la chuma la kuhifadhia bunduki, akalifunga ukutani kwa nondo. Kaka alilipenda mno. Hata aliyepita kuomba maji ya kunywa alionyeshwa.

Jumatano, mkutanoni, afande wa polisi aliyetoka wilayani alisoma fomu taratibu, kisha akauliza, "Ufunguo wa sanduku utakuwa unakaa wapi?"

Kaka akakaza uso. "Hiyo ni siri, afande."

"Kwenye debe la mbegu!" akapaza sauti mama mmoja kutoka nyuma.

"Chini ya gunia," akasaidia mwingine.

Mkutano ukaangua kicheko. Afande hakucheka. Aliweka kalamu mezani, na mimi nikajua imekwisha. Kaka alikuwa anatazama miguu yake.

Ndipo jirani akasimama, yule wa paja, ameegemea benchi.

"Afande, mimi ndiye niliyepigwa. Siku ile huyu angeweza kukimbilia Rukuba. Huko kisiwani nani angemtafuta? Alinibeba mgongoni mpaka zahanati, damu inamtiririkia, na mimi namtukana ukoo wake wote, sikubakiza shangazi. Akaketi nje akasubiri polisi. Huyu hawezagi kuficha kitu. Mimi nawaogopa wale wanaowezaga."

"Na ufunguo je, mzee?"

"Avae shingoni kama mtoto wa chekechea! Siku akiuvua nitakuja kukuambia mwenyewe, kwa mguu huu huu."

Afande alicheka mpaka akatoa leso. Kaka akavua kofia, akaenda akasimama mbele ya jirani. Jirani akamwambia, "Kaa chini bwana, unatuzibia." Mikono ya kukubali ikanyooshwa. Niliihesabu mara mbili kwa raha tu, maana hakuna aliyepinga.

Baada ya hapo tulienda Musoma mara nyingi: alama za vidole, barua, subirini, njooni wiki ijayo. Safari moja kaka alitaka tupite mbele ya lango la gereza. Tulinunua sato wa kukaanga, tukala tukitembea, naye akamsalimia askari wa langoni kama mtu anayemsalimia mwalimu wake wa zamani.

Kibali kilitoka kabla ya msimu wa kulima. Siku ya kuichukua bunduki alikataa bodaboda pale njia panda. Alitembea mchana kweupe katikati ya kijiji, bunduki ya baba begani ndani ya mfuko wake, akisalimia mlango kwa mlango. Wanawake wakapiga vigelegele. Jirani alitoka akaikagua kama anayenunua ng'ombe, akasema, "Sasa lala, mimi pia nilale."

Kwa miaka yote ya kuzunguka nilibeba wazo kwamba siku moja itanibidi nirudi nilinde boma lile, kwa kuwa yeye hakuruhusiwa. Asubuhi iliyofuata nilifunga begi. Kaka alikuwa zizini, anaswaga maksai wapya.

"Safari hii hurudi," akasema. Hakuwa anauliza.

"Sidhani."

"Nenda, mura. Hapa pana mtu."