Baba Alipotajwa Barazani

Asubuhi zangu zilinukia ugoro. Cucu, mama yake baba, aliusaga mwenyewe kwenye jiwe, na vumbi lake lilichanganyika na harufu ya manyoya ya kondoo yaliyolowa umande wa Chaka, kijijini kwetu, hata nikawa napiga chafya kabla sijafumbua macho. Nje upepo wa mlimani ulikata masikio. Ndipo angeniita: "Nyambura, amka, macho yangu." Nyambura lilikuwa jina lake pia. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na haishii kwenye jina tu. Cucu aliniita mwenzake, na baba, fundi wa mawe mwenye mikono ya kutisha, aliniita mama. Meno yangu ya mbele hayakuwa yameota tena, na mtu mzima ananisalimia kwa adabu, "Umeamkaje, mama?"

Heshima hiyo haikuwa ya bure. Cucu alipopata mtoto wa jicho, alitangaza kwamba mwenye jina lake ndiye atakayemwongoza, nami nikahamia nyumbani kwake, ng'ambo ya ua wa wazazi wangu. Nilimpeleka mtoni, sokoni na kanisani, mkono wake ukiwa begani mwangu, na siku nyingine nilichunga kondoo wake. Sikuonewa, maana kiazi kikubwa chunguni kilikuwa changu. Lakini mdogo wangu Kariuki alikuwa ameanza shule, na kila jioni alirudi akiimba a, e, i, o, u kwa maringo hadi natamani kumziba mdomo kwa kiazi cha moto. Nilimwonea wivu mkali. Nilichora mavumbini herufi za kubuni, na kondoo wakapita juu yake bila haya.

Mama alijaribu kunitetea. Jioni moja nilimsikia jikoni akisema, "Baba Nyambura, huyu mtoto atazeekea kwa kondoo."

"Sasa nimwambie mama nini?" baba akajibu. "Ati nachukua macho yake?"

Hapo mazungumzo yakaisha. Mtu aliyeshinda akipasua mawe hakuwa na ubavu wa kumkatalia mama yake neno moja, na mimi nikaelewa kwamba nitabaki na kondoo.

Miaka hiyo, uhuru ukiwa bado mchanga, kwetu chifu ndiye aliyekuwa serikali. Sijui kama amri zake zote zilikuwa zimeandikwa mahali. Akishasema, ilikuwa sheria. Naibu wake, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliitisha baraza kwenye uwanja wa soko, na cucu, aliyependa baraza kuliko ibada, akataka tukae mbele kabisa. Naibu alizungumza juu ya kupe, akazungumza juu ya mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, kisha akageukia shule. Palepale akamtaja baba yangu kwa majina yake yote.

"Wewe, simama! Uko na msichana anachunga kondoo. Jumatatu kama hayuko shule, utalala kwa seli yangu. Umesikia?"

"Nimesikia, mkubwa," baba akasema, kofia mkononi, macho chini.

Watu wote waligeuka kumtazama. Niliona aibu, na nikaogopa kwamba baba atafungwa kwa sababu yangu. Cucu alinishika goti kwa nguvu. Hakuniuliza ni nani anayegombezwa, kwa kuwa sauti ya mwanawe aliijua. Njia nzima ya kurudi hakunusa ugoro hata mara moja.

Jumatatu alijifunga shuka lake la kanisani, akaweka mkono begani mwangu na kusema, "Haya, nipeleke shule." Mwalimu alipouliza jina la mtoto, tulijibu sote wawili kwa pamoja. Akauliza mzazi ni nani.

"Mzazi ni mimi," cucu akasema. "Ni mimi nilimkataza. Kama ni kufunga, funga mimi. Kijana yangu wachana naye."

Mwalimu alicheka, akamwambia hakuna atakayefungwa, kisha akanionyesha dawati. Nilipumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mara nikakumbuka: nani atamrudisha nyumbani? Nikachungulia dirishani. Baba alikuwa langoni, ameacha mawe yake siku hiyo, anainama ili mama yake afikie bega.

Cucu alikuwa amekwisha kuzikwa, ndipo baba akaniambia kwamba ni yeye mwenyewe aliyekwenda kwa yule naibu wa chifu, akajishtaki, na kumsihi amgombeze yeye hadharani, mama yake akisikia. "Mimi singeweza kumwambia," alisema. "Serikali ingeweza." Nilicheka, halafu nikalia.

Siku hizi mimi ni mwalimu mkuu katika shule moja upande wa Nanyuki. Sheria sasa imeandikwa wazi, na mzazi asiyeleta mtoto shuleni anaweza kushtakiwa. Muhula uliopita aliletwa ofisini baba mmoja kutoka njia ya Doldol, ambaye mwanawe alikuwa amebakizwa nyumbani kuchunga mbuzi wa babu yake. Babu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi nje, fimbo magotini. Nilianza kumweleza sheria kwa upole. Yule baba akainama juu ya meza yangu, akanong'ona, "Mwalimu, tafadhali, ongeza sauti kidogo. Mzee hasikii vizuri."

Nikainuka, nikafungua mlango wote, nikamgombeza mpaka darasa la pili wakaacha kuimba.