Mapengo Manane ya Mama Kiraka

Jina lake kamili ni Mama Kiraka, binti wa mshona viatu, mjukuu wa mshona magunia. Ndiye aliyemtilia mwalimu mkuu kiraka suruali ikiwa mwilini, ndiye aliyeshona pazia la wodi mgonjwa akiwa nyuma yake analalamika, na kwa miaka sabini na moja hajawahi kuona tundu akalipita.

Mwaka huu aliwatangazia wenzake wa kikundi cha ushonaji kwamba kwenye maonyesho ataleta nyumba aliyoitarizi kwenye kitambaa, na madirisha yake manane yatawaka moja baada ya jingine. Wifi yake, anayekimezea mate tangu zamani kiti cha Mama Kiraka cha ualimu wa kikundi, akasema mbele ya wote, "Yasipowaka, wifi, uniachie kiti." Mama Kiraka akakubali. Mdomo ukamponza.

Ikabidi amwite mkwewe, fundi redio. Mkwe akaja na kibao kilichofunikwa shaba, cha kukaa nyuma ya kitambaa, akachora juu yake njia za umeme kwa penseli.

"Mama, mkono wako hautetemeki. Pitisha rangi ya kucha juu ya mistari hii. Tukikitia kwenye dawa, shaba iliyo wazi italiwa, iliyofunikwa itabaki."

Akatoka kwenda kununua taa.

Mama Kiraka akavaa miwani. Mistari ilikuwa mizuri, ila mahali panane ilikaribiana kisha ikakatika kabla ya kukutana. Akamhurumia binti yake kwa kuolewa na mtu asiyemaliza mshono. Akapitisha rangi, akaziba na mapengo yote manane, hata alama isionekane. Dawa ilikuwa tayari kwenye beseni la plastiki. Akavaa glavu, akakitumbukiza kibao, akawa anakitikisa kama anayebembeleza mtoto.

Mkwe aliporudi, shaba ilikuwa imeshaliwa. Akakigeuza kibao, akakigeuza tena.

"Kazi safi sana, mama."

"Najua."

"Ila palikuwa na mapengo."

"Niliyaona. Nikakusitiri."

Binti yake akacheka huko jikoni mpaka mwiko ukamponyoka. "Mwambie tu, mume wangu. Mimi alinishonea mifuko ya koti la shule ikazibika kabisa."

Mkwe akaongea huku anatazama sakafu. "Kila pengo ni kiti cha taa, mama. Mguu mmoja huku, mmoja kule. Umeme nao ni mvivu; ukikuta kiraka utapita hapo hapo, taa utaiacha gizani."

"Lete kibao kingine."

"Hakuna. Na maonyesho ni kesho."

Mama Kiraka akafumba macho. Alikiona kiti chake, na wifi amekikalia, amekunja nne. Akachukua wembe wake wa kufumulia, akaanza kukwangua viraka vyake mwenyewe, uso umekunjamana kama anayeng'olewa jino.

Alipomaliza, mkwe akachomelea taa bila kukagua. Nani akague mkono wa mama mkwe? Akakipachika kibao nyuma ya kitambaa, akaunga betri. Dirisha la kwanza likawaka, la pili, la tatu, hadi la saba. La nane, la jikoni, likabaki giza.

Mkwe akafunua kitambaa, akainamia kibao. Kiraka cha nane kilikuwa mahali pake, laini, hakijaguswa.

"Hicho kilinishinda," alisema Mama Kiraka. "Kimetoka vizuri mno."

Akamkabidhi wembe.

"Shika, mwanangu. Kifumue wewe, maana kuacha wazi ndiyo fani yako. Na kesho wifi akija, mtafutie kiti kingine."