Mkono wa Kushoto wa Radi

Umewahi kumtukana mgonjwa mbele ya watu, ukapigiwa makofi? Mimi nimewahi. Nilimtukana kwa maneno mia nne, ukurasa wa sanaa, siku ya Ijumaa, jina langu likiwa juu kwa herufi nzito.

Mgonjwa mwenyewe ni fundi wa makochi. Ana miaka hamsini na miwili, na nusu ya viti tunavyokalia mtaani vimepita mikononi mwake. Ila watu hawamjui kwa viti. Wanamjua kwa jina la Radi, mpiga ngoma wa bendi ya roki iliyotupasua masikio kwa miaka ishirini. Ilianza hivi: kijana mmoja mwenye gitaa alipeleka kochi la mama yake likavalishwe kitambaa kipya, akamkuta fundi anapigilia misumari kwa mapigo, akakaa kwenye gunia la sufi kusikiliza. Kochi lilichelewa wiki tatu. Bendi ikazaliwa, na fundi akamwoa dada wa mpiga gitaa. Tangu hapo hawakuitana majina tena. Ni shemeji huku, shemeji kule.

Nyimbo zao tuliziimba chuoni tukiandamana kupinga ada. Kwa hiyo albamu mpya ilipotoka, nyimbo tisa za taratibu, gitaa lisilo na umeme, ngoma zinazopigwa kwa brashi, nilihisi nimesalitiwa. Niliamini, na bado naamini, kwamba muziki una kazi ya kuwanyima wakubwa usingizi. Nikaandika: "Radi aliyetikisa mabati sasa anapapasa ngoma kama mtu anayetafuta swichi gizani. Mkono wake wa kushoto umekwenda likizo. Hii si bendi iliyotulia, ni bendi iliyopooza."

Mhariri alicheka hadi akavua miwani. "Kijana, umewachinja hawa!" Akalichukua neno langu la mwisho akaliweka juu kabisa: BENDI ILIYOPOOZA. Magazeti mengine mawili yakafuata mkondo huohuo, na mtangazaji mmoja akawa analirudia redioni kila akitaja albamu ile. Mimi nikatembea siku nne kifua mbele.

Jumatano mchana mwanamke mmoja alifika mezani kwangu. Alikuwa na gazeti lililokunjwa mara nne.

"Wewe ndiye uliyeandika habari za mume wangu?"

"Ndiyo, mama. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Nataka kujua kaka yangu alikuambia lini."

"Kaka yako yupi?"

"Mpiga gitaa! Usinifanye mjinga, mwanangu. Habari ya ule mkono tulikuwa tunaijua watu watatu. Mimi, mume wangu na yeye."

Nilimwuliza mkono gani. Akavuta kiti, akakaa mwenyewe.

Radi alipata kiharusi miezi minane iliyopita. Mguu ulirudi, mdomo ukanyooka, mkono wa kushoto ukabaki umelala. Walificha, kwa sababu nani atampelekea makochi fundi wa mkono mmoja? Hata mpiga besi hakuambiwa. Shemeji ndiye aliyekaa na nyimbo zote usiku na mchana, akazipunguza mwendo, akaondoa kila pigo lililohitaji mikono miwili, ili Radi asitoke kwenye bendi. Wakatangaza kwamba wamekua, sasa wanataka kutafakari. Kisha Ijumaa likatoka gazeti langu, na Radi akaona imeandikwa: mkono wa kushoto, na kupooza. Akamwambia shemeji yake asikanyage tena nyumbani kwake.

"Ndugu yangu wa damu," alisema yule mama, "na baba wa wanangu. Nimchague nani?"

Biashara hupooza, mpira hupooza, na mkono wa mtu hupooza. Mimi nilikusudia kule kupooza kwa mpira. Nilitamani ardhi inimeze na kiti changu.

Nilimfuata hadi karakana. Seremala wa jirani alikuwa anapaza sauti juu ya ukuta: "Radi! Siku hizi umekuwa manyunyu, eh?" Radi aliendelea na kazi. Alikuwa na misumari midogo mdomoni, amekandamiza kitambaa kwa goti kwenye ubavu wa kochi, anagonga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto alikuwa ameuchomeka mfukoni, kama mtu asiye na haraka.

"Huyu ndiye," mkewe alisema.

Radi akaweka nyundo chini, akatema misumari kiganjani. "Shemeji alikuambia nini?"

"Hakuniambia kitu, mzee. Sijawahi kuonana naye."

"Daktari?"

"Hapana."

"Sasa ulijuaje?"

"Sikujua."

"Uliandika mkono wa kushoto."

"Nilikuwa natania."

Aliimwaga misumari mezani. Ningependa angenirushia nyundo. "Albamu uliisikiliza mara ngapi?"

Nilitaka kusema tatu. "Mara moja. Nilikuwa napiga pasi."

"Yote?"

"Ule wa mwisho sikuufikia. Pasi iliisha."

Mkewe alicheka kidogo, cheko baya. Radi akakaa kwenye kochi jingine lisilo na kitambaa, springi zikalia. "Kwenye huo wa mwisho kuna mkono wa kushoto," alisema. "Shemeji anagonga ubao wa gitaa pale ambapo mimi ningepiga. Nilimwambia watu watagundua. Akasema anayesikiliza vizuri atagundua, na huyo hatatuumiza."

Nilisema nitaandika masahihisho, gazeti lijalo, ukurasa uleule.

"Uandike nini? Kwamba nimepooza kweli?"

Miaka yangu minne ya chuo haikunifundisha hilo. Akaninyooshea simu yake. "Mpigie shemeji. Mwambie ulivyoniambia. Na pasi umwambie."

Nikapiga. Nilieleza yote, pasi ikiwemo, mtu na mkewe wakinisikiliza. Upande wa pili mtu alipumua tu, kisha akakata. Radi akarudisha misumari mdomoni. Nikaondoka bila kuagwa.

Jioni hiyo niliusikiliza wimbo wa mwisho nikiwa nimekaa, mikono mitupu. Gitaa linagongwa kwa ncha za vidole, mara mbili, halafu mara moja. Mtoto wa shule angelisikia.

Asubuhi iliyofuata nilirudi. Radi ameniruhusu kueleza niliyoyaona, maana sasa hakuna cha kuficha. Mbele ya karakana palikuwa na gari dogo la mizigo na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Alikuja kuchukua makochi yake mawili, kazi ikiwa bado.

"Si ubaya, fundi," alikuwa anasema bila kumtazama. "Nimesikia redioni kwamba mmepooza, nikasema nisikutese."

"Hakuna tatizo, mama. Mali ni yako."

Dereva alikuwa bado anafungua turubai. Radi hakumsubiri. Aliutoa mkono wa kushoto mfukoni, mbele ya seremala na watu waliokuwa wanapita, ukaning'inia wazi. Akainama, akashika mguu wa kochi kwa mkono wa kulia. Kochi likainuka upande mmoja, upande wa pili ukakwaruza sakafu. Nilipiga hatua.

"Wewe kaa hapohapo," mkewe aliniambia.

Kisha mtu akanipita begani, amebeba gitaa mgongoni. Akaliegemeza ukutani, akaenda kushika upande wa kushoto wa kochi. Radi hakugeuza kichwa.

"Shemeji," alisema, "hesabu."

"Moja," alisema mpiga gitaa. "Mbili."

Wakainua.